Kabla Uache Campo Utengeneze Gemu, Soma Hii Historia

Kila wiki napata ujumbe wa aina moja kwa inboksi. "Bro, nimechoka na campo. Nataka kuacha nitengeneze gemu yangu, solo, kama yule jamaa wa Stardew Valley. Unaonaje?" Wananiuliza mimi juu wanajua niliacha campo nikiwa mwaka wa pili. Wachache wanajua pia kwamba kabla nianze kuongea na nyinyi hapa, nilijaribu hiyo kazi ya gemu.

Zamani nilikuwa najibu, "Fuata ndoto yako, msee." Siku hizi sijibu hivyo. Nimekaa chini nikasoma historia ya watu walioamua kutengeneza gemu bila bosi, na nimeona maswali mawili yanarudi kila mara: jina ni la nani, na rent inalipwa na nani? La kwanza tunalipenda sana. La pili hatutaki kulisikia.

Tuanze na jina.

Miaka ya sabini mwishoni, kule California, kampuni iliyotawala gemu za nyumbani ilikuwa Atari. Gemu ilikuja ndani ya kaseti ya plastiki ya kuchomeka kwa mashine. Ndani ya kampuni, gemu moja mara nyingi ilikuwa kazi ya mtu mmoja: anaibuni, anachora, anaandika programu, anaweka sauti. Lakini jina lake halikuandikwa popote. Kwa boksi kulikuwa na jina la Atari tu.

Mmoja wa hao watu aliitwa Warren Robinett. Alitengeneza gemu ya Adventure, yenye kasri na majoka, ikakaa ndani ya kilobaiti 4. Picha moja unayotuma WhatsApp ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi sana. Gemu iliuza takriban nakala milioni moja, kila moja kama dola 25. Yeye alikuwa analipwa mshahara wa takriban dola 22,000 kwa mwaka. Hakuna asilimia, hakuna jina.

Kwa hivyo akajificha ndani. Aliweka chumba cha siri ambacho ungefika tu ukiokota kidoti kidogo cha kijivu ambacho karibu hakionekani. Ukiingia, unakuta maandishi yanayosema gemu hii imetengenezwa na Warren Robinett. Hakuambia mtu. Aliacha kazi akaenda zake. Mwaka wa 1980 kijana wa miaka 15 kutoka Salt Lake City ndiye aliyeandikia Atari barua kuwaambia amekiona. Kubadilisha kaseti kungekuwa gharama, kwa hivyo wakaacha chumba kikae.

Fikiria hiyo kitu. Mtu anaiba nafasi kwa gemu yake mwenyewe ndiyo aandike jina lake.

Wenzake wanne hawakutaka kujificha. David Crane, Larry Kaplan, Alan Miller na Bob Whitehead waliona karatasi ya mauzo ya kampuni, iliyoonyesha gemu gani zinauza. Wakapiga hesabu. Kaseti za mwaka uliotangulia ziliuza kama dola milioni 100, na gemu zao wanne peke yake zilikuwa kama asilimia 60 ya hizo. Wao kila mmoja alikuwa anapata chini ya dola 30,000. Walienda kwa mkurugenzi, Ray Kassar, kuomba sehemu ya faida. Kwa simulizi ya Crane, jibu lilikuwa kwamba wao si muhimu kuliko yule mfanyakazi wa kiwandani anayefunga kaseti.

Mwaka wa 1979 walitoka wakaanzisha Activision pamoja na Jim Levy. Hakuna kampuni huru iliyokuwa imewahi kutengenezea mashine ya mtu mwingine gemu. Atari wakawashtaki. Kesi iliisha kwa makubaliano mwaka wa 1982, na mwaka huo huo gemu ya Crane, Pitfall!, ikatoka na baadaye ikapita nakala milioni 4. Jina la mtengenezaji liliwekwa wazi, na picha yake ikawa kwa kijitabu cha maelezo.

Hapa ndipo watu wengi hufunga hadithi. Wanyonge wameshinda, makofi. Lakini mlango ulipofunguka, kila mtu aliingia, hata wale hawakuwa na habari na gemu. Maduka yalijaa takataka. Soko la Marekani likaanguka 1983, kutoka karibu dola bilioni 3 hadi kama milioni 100 kufikia 1985. Nintendo ilipokuja kulifufua, ilikuja na kufuli. Mashine yake ilikuwa na chipu iliyokataa kaseti isiyoidhinishwa, ukitaka kuuza lazima Nintendo ndio wakutengenezee hizo kaseti, na ulipewa nafasi ya gemu tano tu kwa mwaka. Mtu mmoja na kompyuta yake hakuwa na pa kupitia.

Na Activision yenyewe? Ilikua ikawa jitu, na mwaka wa 2023 Microsoft wakainunua pamoja na kundi lake lote kwa karibu dola bilioni 69. Waasi wa jana ndio geti la leo.

Sasa tuje kwa rent.

Unajua Doom? Ilitoka Desemba 1993, ikatengenezwa na id Software, vijana waliojiuzia bila duka: kipande cha kwanza bure, ukikipenda unalipia vingine. Tunapenda kuwahadithia kama wasee walioruka bila parashuti. Ukweli ni kwamba gemu yao ya kwanza kwa njia hiyo, Commander Keen ya 1990, waliiandika wakiwa bado wameajiriwa kwa kampuni ya Softdisk kule Louisiana. Wikendi walibeba kompyuta za ofisi hadi nyumbani, Jumatatu wanarudisha. Hundi ya kwanza ya Keen, kama dola 10,500, ndiyo iliwapa ujasiri wa kutoka. Mshahara haukukatika hadi pale kitu kingine kilianza kulipa.

Na huyo Eric Barone wa Stardew Valley mnayeniletea kila wiki? Kwanza, hakuacha campo. Alimaliza digrii ya kompyuta 2011 pale University of Washington Tacoma. Alikosa kazi, akaanza gemu ndiyo anoe ujuzi wake. Ilimchukua zaidi ya miaka minne peke yake: programu, michoro, muziki, hadithi, kila kitu. Katika hiyo miaka alifanya kazi ya muda ya kuonyesha watu viti kwa ukumbi mmoja Seattle. Na alikuwa anaishi na mpenzi wake, aliyekuwa akisoma na kufanya kazi, na ambaye ndiye alibeba sehemu kubwa ya gharama za nyumba. Gemu ilitoka Februari 2016, ikapita nakala milioni moja ndani ya miezi miwili, na kufikia mwisho wa 2024 ilikuwa imepita milioni 41.

Peke yake kwa kompyuta, sawa. Peke yake kwa maisha, hapana.

Hata hapa kwetu kuna historia, na inaniuma vile hatuijui. Mwaka wa 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya 3D yenye shujaa mwanamke Mwafrika. 2007! M-Pesa ndiyo ilikuwa imezaliwa. Mwaka wa 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti Arts, studio yenye mguu mmoja Accra na mwingine Nairobi. Ona hiyo hatua: mtu aliyeanza kama msee mmoja hakubaki mmoja. Alitafuta mwenzake, hata kama yuko upande ule mwingine wa bara.

Leo geti liko wazi tena. Kuweka gemu Steam ni dola 100, na duka linakata asilimia 30 ya mauzo. Jina lako unaliandika kubwa vile unataka, hakuna haja ya chumba cha siri. Lakini mwaka wa 2024 gemu zaidi ya 18,000 zilitoka hapo. Gawanya kwa siku, ni kama hamsini kila asubuhi. Shida ya Robinett ilikuwa kampuni kuficha jina lake. Shida yako ni kwamba jina liko wazi na hakuna mtu anapita hapo.

Nami pia niwaambie yangu. Nilipoacha campo nilikaa miezi minane nikitengeneza gemu ya matatu. Unaokota abiria, unakwepa makarao, unafika stage kabla stima ya taa ipotee. Ilikuwa na barabara moja na matatu mbili, moja ikiwa na shida ya kupita katikati ya ukuta. Kitu cha kwanza kabisa nilichomaliza, kabla hata breki zifanye kazi, ilikuwa skrini ya mwanzo yenye jina langu.

Miezi hiyo minane nilikuwa nalala kwa keja ya dadangu. Anauza nguo za mtumba, anaamka saa kumi na moja. Alilipa rent, stima na bando. Nilikuwa nikiwaambia watu niko "independent", najitegemea. Siku moja alikaa nyuma yangu na chai, akaangalia ile skrini, akasoma jina langu kwa sauti, akauliza, "Na hii inaanza kulipa lini?" Nilikasirika. Nikamwambia haelewi sanaa. Mwezi uliofuata laptopu ikazima, na nikaanza kutafuta kazi.

Kwa hivyo wewe uliyeniandikia jana usiku, jibu langu ndilo hili. Sikukatazi. Niliacha mwenyewe, sina mdomo wa kukataza mtu. Lakini andika kwa karatasi: nani atalipa rent miezi kumi na miwili ijayo? Kama ni kazi yako ya jioni, poa. Kama ni mathe, mwambie ukweli, na umwambie inaisha lini. Kama hakuna jina la kuandika hapo, baki campo na utengeneze gemu usiku. Commander Keen ilitengenezwa wikendi.

Ile faili ya matatu bado ninayo. Juzi niliifungua kwa kompyuta ya beste yangu. Ukuta bado unapitika. Nilibadilisha kitu kimoja tu kwa skrini ya mwanzo: chini ya jangu nikaongeza la dadangu. Hajaiona bado. Nitampelekea Jumapili.