Makanisa Yaliyotoweka Namirembe: Ufundi wa Kiganda na Swali la Urithi

Katika mashamba ya Uingereza, kanisa la enzi ya Malkia Victoria lililoachwa na waumini huendelea kusimama, nalo huhesabiwa kuwa urithi kwa kuwa mawe yake yapo. Kilimani Namirembe, Kampala, hali ni tofauti: hakuna kanisa hata moja la enzi hiyo lililosalia. Makala haya yanadai kwamba kutoweka kwake si ushahidi wa udhaifu wa ufundi wa Kiganda, bali ni matokeo ya kuutenga ufundi huo na utaratibu wake wa matunzo.

Wamisionari wa Kianglikana waliwasili Buganda mwaka 1877. Kanisa kubwa lililofunguliwa Namirembe mwaka 1892 lilikuwa la nguzo za miti, matete na paa la nyasi. Dhoruba ililiangusha mwaka 1894. Lililofuata, la 1895, lilibomolewa kwa sababu ya mchwa. La tatu lilipata kuta za matofali ya kuchoma chini ya usimamizi wa mmisionari K. E. Borup, huku machifu na raia, wanaume kwa wanawake, wakibeba udongo na matofali. Hata hivyo paa lilibaki la nyasi. Lilizinduliwa mwaka 1904, na mwaka 1910 radi ikaliteketeza.

Tulinganishe na Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya Kasubi, iliyojengwa mwaka 1882 ikiwa kasri la Kabaka Muteesa wa Kwanza. Ni ya mviringo, na paa lake huteremka hadi karibu na ardhi, hivyo upepo haupati ukuta wa kusukuma. Katika nyumba za namna hii moshi wa mekoni hufukuza wadudu, na nyasi hubadilishwa kwa zamu. Kuezeka ni wajibu wa ukoo wa Ngeye; mapambo ya ndani ni ya ukoo wa Ngo. Kanisa la mstatili lilichukua vifaa na mikono ya mafundi, lakini halikuchukua umbo, moshi wala wajibu wa koo.

Baada ya 1910 somo lililochukuliwa lilikuwa kuachana na nyasi. Kanisa kuu la sasa, lililokamilika mwaka 1919, ni la matofali na lina kuba.

Kasubi nako kuliungua, mwezi Machi 2010. Kujenga upya kulihitaji waezekaji, na ni mwaka 2023 tu ndipo UNESCO ilipokuondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kwa watunga sera, funzo ni hili: kuorodhesha majengo yaliyosimama hakutoshi. Yapasa kulinda pia mabonde yanakoota nyasi na matete, kuwalipa waezekaji wanaofunza vijana, na kuweka kumbukumbu za majengo yaliyotoweka. Jengo la nyasi hudumu kwa kuezekwa tena. Fundi akikosekana, hakuna sheria itakayolirudisha.