Kidole, ngumi na herufi

Najua nimepotea, majaribio yalinibana kweli kweli. Leo nimerudi na kisa kilichoanzia kimbwetani. Mshikaji wetu mmoja anagombea uongozi wa wanafunzi, akaniomba nimchoree bango. Nikamchora kanyoosha kidole, chini nikaandika WEWE kwa herufi nene. Wana wakacheka eti nimedesa kwa Wamarekani. Nikasema ngoja niingie maktaba nijue nimemdesa nani hasa.

Kumbe hata Wamarekani walidesa! Tarehe 5 Septemba 1914, mwezi mmoja tu tangu Uingereza iingie kwenye Vita Kuu ya Kwanza, mchoraji Alfred Leete alimweka Lord Kitchener, waziri wa vita, kwenye jalada la gazeti la London Opinion: masharubu, macho makali, kidole kinakujia usoni. Wakati huo Uingereza haikuwa na sheria ya kulazimisha watu jeshini, ilikuja Januari 1916. Kwa hiyo vijana ilibidi wabembelezwe, au waaibishwe.

Mchoro ule ukageuzwa bango, na hapo ndipo uhondo ulipo. Juu limeandikwa "Waingereza", chini "anakutaka wewe". Nani anakutaka? Jina halipo. Sura ya Kitchener ndiyo jina lenyewe, yaani picha imekaa ndani ya sentensi kama neno! Halafu "you" yao ni ya mmoja na ya wengi pia, ila kidole kinachagua: ni wewe, siyo jirani yako. Sisi tungeshamaliza kazi kwenye kitenzi.

Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, James Montgomery Flagg akachukua mkao uleule, akamvalisha Uncle Sam kofia yenye nyota. Sura ni yake mwenyewe Flagg, kajizeesha na kujibandika ndevu. Zilichapwa nakala zaidi ya milioni 4.

Wajerumani nao? Lucian Bernhard, mwaka 1917, hakuchora mtu. Alichora ngumi moja ndani ya vazi la chuma la askari wa kale, akaandika kwamba hiyo ndiyo njia ya amani, maadui wenyewe wametaka, kwa hiyo changia mkopo wa vita. Herufi zake ni zile nyeusi, nzito, zenye pembe, za maandishi ya kale ya Kijerumani. Hata asiyejua kusoma angehisi uzito. Herufi zenyewe zilikuwa bendera: sisi ni Wajerumani, tulikuwepo tangu zamani.

Lakini oneni maajabu. Januari 1941 serikali ya Hitler ikazipiga marufuku herufi za namna hiyo, eti ni za Kiyahudi! Uongo mtupu. Ila nchi walizokuwa wamezivamia nyingi hazikuzizoea, na amri isiyosomeka ni amri gani? Alama ya utaifa ikageuka takataka kwa waraka mmoja.

Sasa kilichoninyima usingizi ni hiki. Vita hiyohiyo ilipiganwa huku kwetu, na mababu zetu walibebeshwa mizigo ya majeshi kwa mamia ya maelfu. Jina la Kariakoo linatokana na kikosi cha Waingereza cha wapagazi hao. Wengi walikamatwa tu vijijini, wakafa kwa njaa na kuhara. Hakuna aliyehangaika kuwachorea kidole. Bango ni la mtu ambaye unaogopa anaweza kukataa.

Herufi zao zilikuja baadaye. Sanamu ya Askari pale Posta iliwekwa mwaka 1927, ikiwa na maandishi ya Kiingereza na ya Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa mara mbili, kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu. Safari hii walitaka kila mtu asome. Nimepita pale na daladala mara ngapi sijui, sikuwahi kushuka. Jumamosi nitashuka.

Na lile bango? Nimefuta kidole. Jamaa kaniuliza sasa tutaweka nini. Nimemwambia alete sera kwanza, herufi nitazitafuta mimi.

Haya, tuonane wiki ijayo, nikinusurika na sapu.