Wembe Uliohamia Ndani ya Faili

Msanifu anayepeleka kazi kiwandani kuchapwa hukabidhiwa masharti yaleyale karibu popote aendapo: picha ziwe na nukta 300 kwa inchi, rangi zigawanywe katika wino wa aina nne, usuli uvuke mstari wa kukatia kwa milimita 3, fonti zifungwe ndani ya faili. Wengi huyapokea kama vituko vya kompyuta, wakayatimiza kwa kubonyeza bila kuyaelewa. Yakifuatiliwa katika historia ya uchapaji, asili yake huonekana kuwa ya kale kuliko kompyuta: nyuma ya kila sharti kuna kazi ya mikono ya fundi fulani, aliyekuwa na cheo, zana na mshahara wake. Hoja yangu ni kwamba kompyuta ilifuta vyeo hivyo bila kufuta kazi yenyewe. Kazi ilihamia kwenye meza ya msanifu. Malipo yake hayakuhama nayo.

Tuanze na nukta. Mashine ya uchapaji haijui kijivu: hupaka wino au haipaki. Ili uso wa mtu utokee karatasini na vivuli vyake, picha lazima ivunjwe kuwa nukta, kubwa penye giza na ndogo penye mwanga, jicho lidanganyike. Georg Meisenbach wa Munich alipata hataza ya njia ya namna hiyo mwaka 1882, kwa kupiga picha kupitia wavu wa mistari myembamba. Wembamba wa wavu uliamuliwa na karatasi: gazeti linalonyonya wino lilitosheka na mistari kama 85 kwa inchi, jarida la karatasi laini kama 150. Picha za kidijiti zilipofika, ikawa desturi kudai nukta mbili kwa kila mstari, na 150 mara mbili ni 300. Namba inayotajwa leo kama amri ni kipimo cha wavu wa kale, na ndiyo maana bango la barabarani linalotazamwa kwa mbali halihitaji hata nusu yake. Weka kioo cha kukuzia juu ya jalada la jarida lililochapwa kwa ofseti, utaona nukta zimejipanga kama vijiua. Mpangilio huo si wa bahati. Sayani kwa kawaida hulazwa kwenye nyuzi 15, nyeusi 45, majenta 75 na njano 90, kwa sababu nyavu zikikaribiana mno kimwelekeo huzua mawimbi yanayoharibu picha. Njano hubanwa karibu na mwenzake kwa kuwa jicho haliioni sana.

Kabla ya miaka ya 1980, hayo yote yalipita mikononi mwa watu. Mpiga picha wa kiwandani alipiga mchoro mmoja mara kadhaa kupitia vichujio vya rangi, akapata filamu nne. Fundi mwingine aliziunga filamu juu ya meza ya kioo yenye taa, kwa wembe na gundi ya karatasi. Yeye ndiye aliyenenepesha kidogo kingo za rangi moja ili iingie chini ya jirani yake. Anayevaa kanga anaijua sababu, hata kama hajawahi kuingia kiwandani: rangi zisipokaa sawasawa, mstari mweupe huchungulia kati ya pindo na mji. Kwenye karatasi kuna hatari nyingine, gilotini. Rundo la karatasi likikatwa, laha husogea kidogo, na rangi iliyoishia hasa kwenye mstari huacha ukingo mweupe. Milimita 3 ni stahamala ya kisu hicho.

Mageuzi yalikuja kwa kasi. Usiku wa kuamkia Julai 2, 1978, gazeti la New York Times lilipangwa kwa herufi za risasi iliyoyeyushwa kwa mara ya mwisho. Mwaka 1985 printa ya LaserWriter ya Apple, lugha ya PostScript ya Adobe na programu ya PageMaker ya Aldus viliwezesha mtu mmoja kupanga ukurasa mzima mezani kwake. Januari 1986, magazeti ya Rupert Murdoch yalipohamishiwa Wapping, London, wafanyakazi zaidi ya 5,000 waliogoma walifukuzwa. Waandishi sasa waliandika moja kwa moja kwenye kompyuta.

Atasema mtu kwamba hilo lilikuwa jambo jema, kwamba ufundi wa zamani ulikuwa umefungiwa na vyama vya wafanyakazi, ghali, na mgumu kufikiwa na mtu wa kawaida. Ni kweli, na pingamizi hilo lina uzito. Chama kidogo au shule isiyo na fedha sasa huweza kutoa jarida lake. Lakini kilichogawiwa watu wote ni zana, na ujuzi ulibaki nyuma. Ushahidi unatoka kwa sekta yenyewe. Umbizo la PDF lilitolewa mwaka 1993, likasafirisha ukurasa bila kuuvuruga, lakini halikutosha. Mwaka 2001 ikaja sanifu ya kimataifa ya PDF/X-1a. Sanifu hiyo inalazimisha fonti zote ziwemo, inakataa rangi za skrini, na inataka mpaka wa kukatia utajwe. Hayo ni maswali ya mafundi wa zamani, kuanzia mpanga herufi aliyehakikisha kasha lake halijapungukiwa. Sekta iliyoaga mafundi ililazimika kuyaandika upya maswali yao kama sheria.

Pingamizi la pili ni kwamba programu za kukagua faili zinatosha. Zinasaidia, ila chukua rangi nyeusi. Usuli mpana mweusi uliochapwa kwa wino mweusi peke yake hutoka umefifia, hivyo huongezewa rangi nyingine chini. Maandishi madogo yakipewa mchanganyiko huohuo, karatasi ikisogea kidogo tu, kila herufi huota kivuli cha rangi. Kwenye skrini vyote viwili ni vyeusi. Programu itahesabu asilimia za wino. Kuchagua kwa kufuata karatasi na ukubwa wa herufi ni uamuzi wa mtu.

Kwa hiyo kosa la msanifu asiyejua haya si uzembe wake peke yake. Alirithi kazi ya mpiga picha, muunga filamu na mpanga herufi, watu waliojifunza kwa miaka. Kiwanda cha zamani kilitoza filamu za kutenganisha rangi. Ankara ya msanifu wa leo mara nyingi ina mstari mmoja tu, "usanifu", na saa za kuandaa faili zimefichwa humo. Saa hizo zikiandikwa kwenye mstari wa peke yake, mteja atajua analipia nini, na shule za usanifu zitajua ni somo gani zimeliruka.