Kutoka Inga hadi pikipiki za batri: historia ndefu ya kuungwa kwenye laini ya umeme

Pikipiki za umeme zikitajwa, jambo la kwanza wamotari wa Goma na Bukavu wanalotaka kujua ni mahali pa kuchaji batri. Wana haki. Katika Kongo shida haijawahi kuwa umeme peke yake. Shida ni kuungwa.

Mfano mkubwa ni Inga. Bwawa la Inga 1 lilianza kazi mwaka wa 1972, na Inga 2 mwaka wa 1982. Kutoka hapo serikali ya Zaïre ilivuta laini ya karibu kilometa 1.700 hadi Kolwezi, kwa ajili ya migodi ya shaba. Laini hiyo ilipita juu ya vijiji vingi ambavyo havikuwa na hata balbu moja. Mafundi hawakusahau. Umeme unaopita humo ni wa aina ya mkondo wa moja kwa moja, wenye nguvu kubwa sana, na kuushusha njiani kunadai kituo kizima cha kuubadilisha, chenye bei kali. Watu wa njiani hawakuwekwa kwenye hesabu. Na Kolwezi ndiko leo inakotoka kobalti, ile inayoingia katika batri nyingi za magari ya umeme duniani.

Upande wa Kivu, mtambo wa Ruzizi 1 ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, karibu na Bukavu, pale maji yanapotoka ziwani. Ruzizi 2 ilifuata mwaka wa 1989, ikiwa mali ya Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja. Miji ikakua. Vita vya miaka ya 1990 vikaleta familia nyingi kutoka vijijini, lakini mitambo ikabaki ileile. Watu wakajiunga wenyewe: waya mmoja kwa jirani, nyumba kumi nyuma yake, mpaka transfoma inazidiwa na kuungua. Delestaji ikawa sehemu ya maisha.

Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua mlango kwa kompania nyingine mbali na SNEL. Mwezi wa Desemba 2015 mtambo wa Matebe, huko Rutshuru, ulianza kutoa megawati 13,6 kwa kazi ya Virunga. Mwaka wa 2020 kompania ya Nuru ikawasha kituo cha jua cha megawati 1,3 mjini Goma. Mita za kulipia mbele zikaingia nyumbani. Lakini waya ni kitu dhaifu: Mei 2021 lava ya Nyiragongo ilikata barabara na nyaya, na mwishoni mwa Januari 2025, wakati wa mapigano ya Goma, umeme ulikatika na pampu za maji zikasimama.

Sasa kituo cha kuchaji. Kile cha magari, cha kuchaji haraka, cha kilowati 50, kinavuta umeme sawa na pasi 50 zilizowashwa pamoja. Kabla ya kukiunga, kompania inapaswa kupima transfoma ya mtaa, kuvuta laini ya nyaya tatu, pengine kuweka transfoma mpya, na mara nyingi gharama inamwangukia anayeomba. Pikipiki ni nyepesi zaidi. Batri yake inabeba kilowati-saa mbili au tatu hivi, na kabati la batri kadhaa linaweza kuchaji polepole usiku, wakati pasi na majiko yamezimwa.

Majirani walianza na pikipiki. Kigali, kompania ya Ampersand ilianza kubadilishia wamotari batri mwaka wa 2019. Aprili 2021 serikali ya Rwanda iliamua vituo vya kuchaji vilipe umeme kwa bei ya viwanda, ikaondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye vifaa vyake, ikatoa na ardhi ya serikali bila kodi ya pango. Kenya iliweka bei maalumu mwaka wa 2023, na ya saa za usiku ikawa nusu. Maamuzi hayo hayakuongeza hata kilowati moja. Yalipunguza gharama na maswali, basi.

Kwetu hatua kama hizo hazidai bwawa jipya: orodha ya transfoma zenye nafasi ibandikwe wazi, bei ya kuungwa ijulikane kabla ya kulipa, na jibu litolewe kwa siku zilizohesabiwa. Ugumu zaidi uko kwa mtu aliyekimbia vita, kwa sababu hana parseli wala karatasi ya nyumba ya kuonyesha. Hata hivyo, kituo cha kuchaji anakijua vizuri. Katika kambi za pembeni ya Goma kulikuwa na meza zenye paneli ya jua ambapo watu waliacha simu, wakalipa kidogo, wakarudi jioni. Meza ya batri za pikipiki ingefanya kazi vilevile, kwa mita moja na jina moja kwenye mkataba, hata likiwa la kikundi cha wamotari.