Tumizi Moja, Visa Vingi: Istilahi Mbili za Mahitaji ya Programu na Mfano wa Korosho za Tunduru

Katika uandishi wa mahitaji ya programu za kompyuta, istilahi za Kiingereza “scenario” na “use case” huchukuliwa mara nyingi kuwa visawe. Historia yake haithibitishi hivyo.

Istilahi ya kwanza ilitoka katika tamthilia ya Kitaliano, ambako ilikuwa muhtasari wa mtiririko wa mchezo. Katika miaka ya 1950 Herman Kahn, wa shirika la RAND nchini Marekani, aliihamishia katika ubashiri wa vita vya nyuklia. Maana ya msingi ilibaki: mkondo mmoja wa matukio, wenye mwanzo na mwisho. Ya pili ilizaliwa Sweden. Ivar Jacobson, aliyekuwa mhandisi wa Ericsson, aliiita kwa Kiswidi användningsfall. Kitabu alichochapisha na wenzake mwaka 1992 kikaieneza. Mwaka 2001 Alistair Cockburn alifafanua uhusiano wake na ile ya kwanza: dhana hii hukusanya mikondo yote, ya kufaulu na ya kushindwa, inayohusu lengo moja la mtumiaji.

Uzito wa tofauti hii huonekana Tunduru, mkoani Ruvuma. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, unaosimamiwa kwa sheria ya mwaka 2005, mkulima hupeleka korosho katika chama chake cha msingi, kilicho chini ya chama kikuu cha ushirika TAMCU. Korosho hupimwa, huhifadhiwa ghalani na kuuzwa mnadani, kisha malipo hupitia benki. Tuseme programu inaandaliwa kwa ajili ya kazi hiyo. Mkulima wa kwanza anauza na kulipwa. Wa pili anakataliwa kwa sababu korosho zake zina unyevu. Wa tatu ameuza, lakini jina la akaunti halilingani na lililomo katika daftari la chama. Mikondo ni mitatu; lengo ni moja. Mwandaaji anayeudhani mkondo wa kwanza kuwa lengo zima atafunga kazi yake mapema, na mkulima wa tatu atabaki na stakabadhi isiyo na fedha.

Tafsiri sisisi, “kisa cha matumizi”, huongeza mkanganyiko huo, kwa kuwa kisa ni masimulizi ya tukio mahususi, yaani dhana ile ya kwanza. Aidha, “matumizi” kwa kawaida halihesabiki. Umoja wake katika ngeli ya LI-YA, “tumizi”, unaifanya dhana ihesabike. Hivyo kuuza korosho ni tumizi moja. Yanayowapata wakulima wale watatu ni visa vyake.