Usanifu wa Mifumo Iliyogatuliwa: Mfano wa Tarime na Serengeti

Mfasiri wa miongozo ya kompyuta hukutana mapema na swali hili: usanifu wa programu ni kitu gani hasa, ikiwa programu yenyewe haijengwi na fundi mmoja wala mahali pamoja? Swali hili si la kamusi peke yake. Mhudumu wa zahanati anayejaza takwimu karibu na Sirari au Mugumu hutegemea maneno aliyopewa, na neno lililokosewa huweza kuzaa hesabu iliyokosewa.

Kitenzi sanifu kimetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kupanga vitu kwa aina zake. Katika Kiswahili kilipata maana ya kutunga na kubuni kwa ustadi, na ndipo tukampata msanifu wa majengo. Lakini neno hilo lilishika njia ya pili pia. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar haikujitwika kazi ya kuandika vitabu vyote. Iliweka tahajia na msamiati wa pamoja, ikakagua miswada, na uandishi ukabaki kwa waandishi. Baada ya Baraza kuundwa kwa sheria mwaka 1967, lugha sanifu ikazoeleka kuwa ile iliyokubaliwa na wengi wasioonana. Basi sanifu ni kuchora, na pia ni kupatana. Anayeshawishika kuandika “ramani ya programu” huipoteza maana hii ya pili, nayo ndiyo inayotufaa zaidi hapa.

Mwaka 1968 Mmarekani Melvin Conway alieleza kwamba chombo chochote kinachobuni mfumo hutoa mfumo unaofanana na njia za mawasiliano za chombo chenyewe. Kampuni kubwa zenye makundi mengi ya watunga programu zimeuona ukweli huo kwa gharama: makundi yasiyosemezana hutoa sehemu zisizoungana. Sisi tunao mfano wa karibu zaidi. Mfumo wa takwimu za afya uitwao MTUHA ulianza nchini katika miaka ya 1990 kwa vitabu vya karatasi. Baadaye takwimu zake ziliingizwa katika DHIS2, programu ambayo kiini chake hutungwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, huku wataalamu wa nchi mbalimbali, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiirekebisha ifae kwao. Ilipofika mwaka 2013 ilikuwa imeenea nchini. Hakuna mtu mmoja aliyeichora yote.

Katika programu hiyo kila zahanati imewekwa chini ya halmashauri moja, halmashauri chini ya mkoa, na mkoa chini ya taifa. Utaratibu huu ni mzuri mpaka mipaka ibadilike. Mwaka 2007 Wilaya ya Rorya ilikatwa kutoka Tarime. Anayelinganisha takwimu za Tarime za kabla na baada ya mwaka huo bila kutenganisha maeneo atadhani wagonjwa wamepungua ghafula, kumbe ni mpaka uliosogea. Ndiyo sababu programu huruhusu zahanati ile ile iingizwe pia katika makundi yanayokata ngazi: ya aina ya kituo, ya mwenye kukimiliki. Hapo hapana budi mfasiri atenge ngazi na kundi. Akiziita zote mbili “kundi”, msomaji hataelewa kwa nini kituo kimoja kina mahali pamoja tu katika orodha ya kwanza lakini kinaonekana mara kadhaa katika ya pili.

Wazee wa Kikurya wa wilaya hizi wasingeona ajabu. Wakurya hawakuwa na mtawala mmoja: Wakira, Wanchari, Watimbaru na koo nyingine zilijiendesha kila moja kwa mabaraza ya wazee. Hata hivyo mtu alizaliwa pia katika rika la vizazi, kama Abasai au Abachuma, kwa kufuata rika la baba yake, na majina hayo yalivuka mipaka ya koo. Mgeni akitaja rika lake, mwenyeji alijua namna ya kumwamkia na heshima anayostahili. Koo ni ngazi. Rika ni kundi. (Tusitie chumvi: rika halikuzuia mapigano ya koo, kama wakazi wa Tarime wanavyojua.)

Limebaki neno gatua. Mwaka 1972 Serikali ilipofuta halmashauri za wilaya na kupeleka watendaji mikoani, mpango huo uliitwa Madaraka Mikoani. Halmashauri zilirudishwa mwaka 1984, na ugatuaji ukaja kuzoeleka katika maandishi ya serikali baadaye. Yafaa mfasiri aangalie tofauti. Mwaka 1972 kilichohama ni ofisi; uamuzi kwa sehemu kubwa ulibaki katika mikono ya watumishi wa serikali kuu. Katika programu pia, kusambaza mashine mikoani ni jambo moja, na kuipa halmashauri ruhusa ya kuongeza safu yake katika fomu ni jambo jingine. Kwa la kwanza tunapendekeza mfumo uliosambazwa; mfumo uliogatuliwa uwekwe kwa la pili peke yake.