Kubaki Likasi ao kwenda?

Bandugu, kila mwaka diploma zikitoka, swali linakuwa lile lile: utabaki Likasi ao utaenda? Upande huu kuna Lubumbashi, kilomita 120 hivi. Upande ule kuna Kolwezi na migodi yake. Sisi tuko katikati. Mdogo wangu aliniambia juzi kwamba Likasi "ni muji wa kupitia tu". Yale maneno yalinikaa rohoni, njo maana naandika.

Huu muji ulizaliwa kwa shaba. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, treni ikafika Élisabethville 1910, halafu reli ikaendelea kuja huku kwetu, na kambi za Panda na Likasi zikakua. Wabelgiji wakatuita Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, enjinia aliyejenga reli ya Peking mpaka Hankow kule China. Jina Likasi lilirudi 1966. Wageni wengi wanajua lile la zamani tu, kwa sababu ya filamu ya 2016 juu ya askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa waliozungukwa hapa Septemba 1961. (Filamu yenyewe ilipigwa Afrika ya Kusini. Hata kwa hadithi yetu wenyewe, tulipitiwa tu!)

Kitu kilichotengeneza maisha yetu ni kingine. Mwanzoni kampuni ilikuwa inaleta wanaume kwa miezi michache, wengi wanaugua, wengi wanakimbia. Kufika mwisho wa miaka ya 1920 ikabadilisha mupango: kontra ya miaka mitatu, bibi anakuja pamoja na bwana, posho inatolewa, hospitali iko, shule ya wamisionari iko. Watu waliletwa toka Kasai, toka Rwanda na Urundi. Nyumba, chakula, masomo, vyote vilitoka mukono mumoja.

Mazuri tunayosifu leo, mengi yana mizizi pale. Muji ulipangwa ili mutu asikae mbali na kazi. Toka Kikula mpaka Shituru huwezi kumaliza nusu ya siku barabarani. Mwenzangu mmoja aliyeanza kazi Lubumbashi alinihesabia mushahara wake wa kwanza: garanti ya nyumba, taksi asubuhi, taksi jioni, basi, imeisha. Hapa na pesa kidogo unakula bukari yako na unalala. Ukifiwa, avenue nzima iko kwenye kilio mbele hujamaliza kupiga simu.

Lakini ule mukono mumoja ukichoka, wote munalala njaa. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mugodi wa Kamoto ukaporomoka 1990, na kufika 1994 hazikufika hata 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni, hapa na kwa miji mingine, wakatoka kwa ile "départ volontaire". Sijui hiari gani hiyo, mutu akiwa na miezi mingi bila mushahara. Lubumbashi nayo iliumia, ila ilikuwa na gavana, na chuo kikuu, na biashara ya Zambia karibu. Sisi tulikuwa na kampuni.

Na kuna sifa moja ambayo mimi naiogopa: kujuana. Agosti 1992, kule Kinshasa, Conférence nationale ilimchagua Tshisekedi, mutu wa Kasai, kuwa waziri mkuu. Hapa vijana wa siasa wakaanza kufukuza Wakasai. Wengi walizaliwa hapa hapa, wajukuu wa wale walioletwa na kampuni yenyewe. Maelfu kwa maelfu walilala kwenye gare, wengine miezi, wakingojea treni ya Kasai. Wengi walikufa pale na njiani. Kwa muji wa ukubwa wetu nani alihitaji orodha? Kila mutu alijua nyumba ya nani ni ya nani, na mama yake ametoka wapi. Wazee wanasimulia pia juu ya majirani walioficha watu, na wao waliweza kwa sababu ile ile. Nikisikia tunajisifu kwamba "hapa wote tunajuana", nakumbuka ile gare.

Mwaka 2015 Katanga ikagawanywa kuwa majimbo manne. Kolwezi ikawa muji mkuu wa Lualaba, Lubumbashi ikabaki na Haut-Katanga. Likasi haikupata kitu. Barabara ni nzuri kuliko zamani, na kwa barabara nzuri ni rahisi zaidi kuondoka. Ila chuo kikuu chetu wenyewe kiko, na mimi nimesoma pale bila kulipa nyumba ya mutu.

Mimi nimebaki. Nafundisha, na mchana narudi kula nyumbani, jambo ambalo rafiki zangu wa Lubumbashi hawaamini. Mdogo wangu nilimwambia haya yote, ya Kamoto na ya gare. Alisikiliza vizuri sana, akauliza kama 1992 baba yetu alikuwa upande gani. Nikasema tumuulize. Hatujamuuliza bado, na Jumatatu mdogo wangu amechukua basi ya Kolwezi, stage ya miezi mitatu.